Sekunde Nne za Salama

Nilipopiga hodi nyumbani kwa mtu aliyemuua mama yangu, sauti ya kikongwe iliniitikia kutoka ndani. "Karibu, mwanangu. Sukuma tu, haujafungwa."

Sikuwa nimejiandaa kwa sauti hiyo. Kwa wiki tano nilijiandaa kukutana na Mhandisi Lwitiko Mwasomola mwenyewe, uso kwa uso, na kitambi chake. Nilibadilishana zamu na mafundi wawili. Nilimdanganya msimamizi wangu kwamba mgongo wangu hauwezi tena ngazi za visimani. Yote hayo ili nyumba namba kumi na nne, ya mhandisi mkuu wa Kampuni ya Joto, iangukie kwenye orodha yangu ya matengenezo ya kipupwe. Sasa nimefika, na badala ya yeye nakaribishwa na bibi.

Nikaingia. Joto lilinipiga usoni mpaka macho yakanitoka machozi. Nje ilikuwa saa nne asubuhi na sakitu bado imeganda juu ya majani ya viazi, nyeupe tupu, lakini humo ndani kipimajoto kilionyesha digrii ishirini na nne. Chumba cha yule bibi kilitazamana na sebule, mlango wazi. Alikuwa kitandani, mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani, miguu haionekani chini ya blanketi.

"Shikamoo, Bibi. Mimi ni fundi wa joto. Naitwa Yusta."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Hilo baridi la njiani halijakumaliza?"

"Salama, Bibi," nikasema, kama anavyosema kila mtu.

"Lwitiko hayupo. Ameshuka bondeni makao makuu tangu juzi, na barabara nasikia imefungwa kwa utelezi. Binti wa kazi naye kaenda msibani, harudi mpaka kesho. Miguu yangu mimi ndiyo hiyo unaiona, imeshagoma. Kuna chai ya moto kwenye chupa pale, jimiminie."

Nilikuwa nimeapa kwamba katika nyumba ile sitatia kitu mdomoni, hata maji. Nikamwambia nimeshakunywa, nikaweka mkoba wa vifaa chini, nikaenda kwenye kisanduku cha ukutani. Hapo ndipo nilipogundua kitu. Taa ya kisanduku haikuwa inawaka.

Katika nyumba nyingine zote za Ilindi, taa ya Mtunza, sauti inayosimamia joto, ingekuwa inawaka kijani.

Nikafungua skrubu nne, nikatoa kifuniko. Katikati ya meno mawili ya swichi kuu palikuwa na kipande cha shaba, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Mafundi tulikuwa tumesikia tetesi za kufuli hilo, na wengi wetu tulicheka tukasema ni maneno ya vijiweni. Likiwekwa, valvu hukaa wazi usiku na mchana, na wenye nyumba hawaulizwi chochote. Kumbe wakubwa walijiwekea. Nililitazama na moyo wangu ukaanza kwenda mbio kwa furaha mbaya.

* * *

Mama yangu aliitwa Skolastika. Alikuwa na miaka sabini na sita na alikuwa na adabu kupita kiasi. Adabu hiyo ndiyo iliyomuua, na aliyeigeuza kuwa silaha ni Lwitiko.

Zamani sisi wa Ilindi tulilala na jiko la mkaa chumbani, na kila kipupwe kulikuwa na familia iliyokutwa asubuhi imelala moja kwa moja. Mkaa ukapigwa marufuku. Kampuni ikachimba visima vya mvuke mlimani, ikatandaza mabomba mpaka kila kitanda. Mwaka wa kwanza joto lilitoka kama halina mwenyewe, na sisi wenyewe ndio tuliolichezea. Watu waliwasha vyumba vitupu wakalelea vifaranga. Jirani yangu alikaushia ulezi. Presha ikaanguka, na nyumba za mwisho wa bomba, zile tunazoziita za mkiani, zikabaki na maji ya vuguvugu.

Ndipo Lwitiko akaandika Kanuni. Kila mtu na kinywa chake: joto la chumba linaombwa na anayelala humo, kwa sauti yake, na si mwingine kwa niaba yake. Kila nusu saa Mtunza anasalimia, anauliza hali, na kwa jinsi anavyojibiwa anafungua au anafunga valvu. Ukinyamaza, kimya chako ni salama. Lwitiko alisimama kwenye mkutano wa mji akasema kwamba kipimajoto hakijui haja ya mtu, mdomo wake ndio unaojua. Tulimpigia makofi. Nami nilipiga.

Hakutwambia kuhusu sekunde nne.

Mtunza anasikiliza kwa sekunde nne tu, kisha anaziba masikio. Kijana akiulizwa, anajibu "baridi, ongeza," kwisha, ametumia mbili. Sasa mpe mzee sekunde hizo. Mtunza mwenyewe amefundishwa kuamkia, kwa hiyo anaanza, "Shikamoo, Bibi. Habari za asubuhi? Unasikia baridi?" Mzee gani ataiacha shikamoo ya mtu hewani? Ataitikia marahaba. Atauliza hujambo. Atasema yeye ni mzima, maana kwetu hata mwenye msiba ndani kwanza anasema habari ni nzuri, halafu ndiyo anaweka ila. Hiyo ila ndiyo habari yenyewe. Mtu yeyote aliyelelewa na watu anajua kwamba ukiuliza hali unasubiri ila.

Lwitiko alijua. Nilikuja kuliona kwenye kitabu cha mafundi, ukurasa ambao hakuna anayeusoma: "Zingatia: wazee huzungumza wastani wa sekunde kumi na tisa. Baada ya sekunde ya nne huanza malalamiko. Kata hapo."

Kata hapo. Maneno mawili.

Mwezi wa sita nilikuwa visimani kwa zamu ya siku nne. Niliporudi nilimkuta mama kitandani kwake, mikono ameiweka kifuani vizuri kama mtu anayesubiri misa ianze. Chumba kilikuwa na digrii tatu. Ripoti ya Kampuni ilisema: "Usiku wake wa mwisho marehemu aliulizwa hali yake mara kumi na saba. Mara zote alijibu salama. Mfumo haukuwa na kosa." Sahihi, L. Mwasomola.

Sikio la Mtunza lina kikumbukumbu kidogo ambacho sisi mafundi hukitumia kupima kama linasikia vizuri. Kinahifadhi kila sauti, hata ile ambayo Mtunza mwenyewe hakuisubiri. Nilikichomoa kabla ya mazishi. Mara kumi na saba nilimsikia mama yangu akisema, "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umeshindaje? Mie salama." Hapo sekunde zimekwisha. Kisha, kwa kisanduku kilichokwisha kuziba masikio: "Ila miguu siisikii. Naomba uongeze kidogo, kama si usumbufu."

Kama si usumbufu!

Nilimpelekea Lwitiko ofisini. Alisikiliza majibu matatu, akazima. "Pole sana, Yusta," akasema. "Lakini mashine ilisikia ilichoambiwa." Kisha akatazama saa yake, na mimi nikajua nitamfanyia kitu.

* * *

Kipande cha shaba kilitoka bila shida. Nikakitia mfukoni, nikarudisha kifuniko. Taa ya Mtunza ikawaka kijani, na kile kisanduku ambacho huenda hakijawahi kusema tangu kifungwe kikasema kwa sauti ya mtoto mwenye heshima:

"Shikamoo, Bibi. Habari za asubuhi? Unasikia baridi?"

Bibi akashtuka, kisha uso wake wote ukafunguka. "Ee! Nani huyo?"

Sekunde zikaisha kwenye mshangao. "Asante, Bibi," Mtunza akasema. "Nakutakia siku njema." Ukutani nikasikia valvu ikigeuka. Ni mlio mdogo sana, lakini fundi huusikia.

"Ni Mtunza, Bibi. Ndiye anayeangalia joto. Atakuwa anakusalimia kila nusu saa."

"Kumbe! Lwitiko hajawahi kuniambia kama ana mtoto mwema hivyo humu ndani."

Nikavuta kiti nikakaa sebuleni, mahali ninapomwona. Sikuvua koti. Niliwaza: nitaondoka sasa. Nitafunga mlango, nitaandika kwenye fomu kwamba nimefanya matengenezo, na kesho binti wa kazi atakuja na kukuta alichokuta. Sauti zilizohifadhiwa zitasema salama, salama, salama. Mfumo haukuwa na kosa. Mama kwa mama. Hata ningeketi mwaka mzima nikitunga kisasi nisingekipata kilichokaa sawa namna hiyo, na hiki nilipewa mkononi.

Nilipaswa kusimama niende. Nilibaki nimekaa.

Nusu saa ya pili Bibi alikuwa amejiandaa. Alijisogeza juu ya mto, akaweka kitambaa sawa. "Shikamoo, Bibi. Habari za asubuhi? Unasikia baridi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Wazazi hawajambo? Mie namshukuru Mungu, salama. Ila huu mguu wa kulia tangu jana…"

"Asante, Bibi. Nakutakia siku njema."

Bibi hakujua kwamba ameshaachwa. Aliendelea kumweleza Mtunza habari za mguu, tangu ulipoanza, na dawa aliyopewa, na jinsi baridi linavyoingia kwenye goti, kwa utaratibu, kama unavyomweleza mjukuu aliyekuja kukutembelea. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Ilichukua sekunde thelathini na mbili, maana nilihesabu.

Zile nyumba za Kampuni kuta zake ni nyembamba, zimejengwa kwa kutegemea bomba. Ilipofika saa tano na nusu kipimajoto kilikuwa kumi na tatu. Saa sita kilikuwa tisa. Midomo ya Bibi ilianza kuwa na rangi niliyoijua.

Hapo ndipo kioo cha simu ya ukutani kilipowaka na uso wa Lwitiko ukajaa juu yake.

* * *

"Nani yuko hapo? Nimetoka mkutanini sasa hivi nakuta hapa kwangu inaonyesha kufuli limetolewa. Nani yuko hapo?"

"Fundi," nikasema.

Aliniangalia. Ilimchukua muda, maana mtu kama yule hakumbuki nyuso za watu wa chini. Kisha nikaona amenikumbuka, na nikafurahi.

"Yusta," akasema polepole. "Rudisha kile kipande."

"Kipande gani, Mheshimiwa? Kwenye orodha ya vifaa vya Kampuni hakimo."

"Usinichezee. Mama yangu ana moyo mbovu. Nampigia fundi wa zamu sasa hivi."

"Fundi wa zamu ni mimi."

"Nitawaita polisi!"

"Kituo kiko kilomita ishirini chini, kwenye barabara hiyo hiyo iliyofungwa. Ama waite majirani zako. Ah, nilisahau. Wakubwa wote mmeshuka bondeni kukimbia kipupwe. Nyumba thelathini na moja hazina mtu, kila moja, bila shaka, na kufuli lake kama hili, zinapasha viti."

Bibi alisikia sauti ya mwanawe. "Lwitiko? Ni wewe? Hujambo, baba?"

"Mama!" Sauti yake ilibadilika ikawa ya mtoto kabisa. "Mama, nisikilize. Hicho kisanduku kikikusalimia, usikiitikie. Anza na baridi. Sema 'nasikia baridi' kwanza, basi."

"Kisanduku kipi? Huyu mjukuu?"

"Ndiyo, Mama. Usimwitikie."

"Mtoto wa watu ananipa shikamoo, mimi nimjibu baridi? Kwani nimezaliwa porini?"

"Mama, nakuomba. Nakupigia magoti."

Saa sita na nusu Mtunza akasalimia. Lwitiko alikuwa ameushikilia uso wake kwenye kioo. Bibi akamwangalia mwanawe, akaona jasho kwenye kipaji chake cha uso, akaamua kumridhisha. "Marahaba, mwanangu," akaanza, "hujambo? Usinione vibaya, ni huyu baba yako hapa ananitaka nianze na…"

"Asante, Bibi. Nakutakia siku njema."

Lwitiko akapiga meza kwa ngumi. "Ongeza joto!" akamfokea Mtunza kupitia kioo. "Nasikia baridi! Nasikia baridi!"

"Samahani," Mtunza akasema, kwa upole ule ule. "Chumba hiki si chako. Kila mtu na kinywa chake."

Nilicheka. Nisiseme uongo, nilicheka kwa sauti, kicheko ambacho sikuwa nacho tangu mwezi wa sita. Yale maneno aliyachagua mwenyewe. Alikuwa anapigwa kwa fimbo aliyoikata mwenyewe, na mimi nimekaa kiti cha mbele.

"Unataka nini?" akasema mwishowe.

Nami nilikuwa sijui. Nilikuja kutaka afe, na yeye yuko kilomita sitini, ana joto. Nikatazama kile kikumbukumbu kilichofungwa shingoni mwangu kwa uzi, nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Ongeza sekunde."

"Siwezi kuongeza kwa nyumba moja. Kanuni ni moja kwa wote, ndivyo ilivyotengenezwa."

"Ongeza kwa wote."

"Yusta, wewe ni fundi. Unajua presha ilivyo." Alikuwa anaongea haraka, macho yake yakienda kwa mama yake yakirudi kwangu. "Kila mzee akisikilizwa mpaka mwisho, valvu elfu mbili zaidi zinafunguka. Mvuke hautoshi. Watu wa mkiani wanabaki na mabomba ya baridi, na kule kuna watoto wachanga. Wewe ulikaa na maiti moja, ya mama yako. Unataka nikupe ngapi?"

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwamba adui yangu alikuwa na hesabu, na hesabu yenyewe si ya uongo. Nimepanda ngazi za visima vile miaka tisa. Ninajua kishale cha presha kinasimama wapi.

"Umesema hautoshi," nikamwambia. "Hautoshi kwa kiasi gani?"

"Nini?"

"Niambie. Watu wangapi Ilindi wanasikia baridi na hawapati joto? Mia? Elfu? Hujui. Hujui kwa sababu ulikata. Uliziba masikio ukaandika kwamba mji mzima hauna shida. Wafungulie waseme, tujue tunakosa kiasi gani, ndipo tugawane hata huo uhaba. Na anza na makufuli yako thelathini na moja. Nipe amri, nitayang'oa leo, kabla giza halijaingia."

"Haitatosha."

"Mwangalie mama yako."

Akamwangalia. Bibi alikuwa ameacha kuongea. Alikuwa anavua blanketi lake la juu, taratibu, na nilidhani ameanza kupoteza fahamu, maana watu wanaokufa kwa baridi huvua nguo mwishoni. Akalikunja, akalinyoosha upande wangu.

"Chukua, mwanangu. Wewe umekaa karibu na mlango. Unatetemeka tangu saa ile."

Nilikuwa natetemeka kweli, ila haikuwa baridi. Niliingiza mkono mfukoni nikakishika kile kipande cha shaba. Watu wameniuliza baadaye: je, ungekirudisha? Wanataka niseme ndiyo. Nawajibu kwamba sijui. Nilikishika, na nilimchukia Lwitiko kwa kuniwekea mtu kama yule mbele ya kisasi changu, na sikukitoa.

Aliyeshindwa kwanza ni yeye. Nilimwona akifunga macho. Akasogea kwenye meza yake, akaweka kiganja juu ya kitu nisichokiona, akasema kwa sauti iliyokauka, "Kanuni ya tatu. Muda wa kusikiliza. Sekunde arobaini. Nyumba zote, mara moja."

"Na makufuli," nikasema.

"Na makufuli. Ng'oa. Nitakutumia amri."

Sikumshukuru. Niliivuta simu yangu ya kazi nikaiweka mezani, na baada ya dakika chache ramani ya mji ikaanza kuwaka. Taa moja, upande wa soko. Taa saba. Taa arobaini, kisha nikaacha kuhesabu. Kila taa ilikuwa mtu aliyeanza kwa salama akafika kwenye ila. Pembeni ya ramani kishale cha presha kikatikisika, kikaanza kushuka.

"Unaona?" Lwitiko akasema.

"Naona," nikasema. "Na wewe, kwa mara ya kwanza, unaona."

Saa saba Mtunza alisalimia. Bibi akaitikia marahaba, akauliza wazazi, akasema anamshukuru Mungu, na Mtunza akanyamaza akimsubiri, kama mtoto aliyelelewa vizuri. "Ila baridi limenikaba, mjukuu wangu," Bibi akasema. "Na huyu binti hapa ana jambo linamsumbua, hataki hata chai." Bomba likaguna ukutani. Joto likaanza kupanda.

Nikakusanya vifaa vyangu. Kile kipande cha shaba sikukirudisha, na Lwitiko, aliyekuwa bado kwenye kioo, hakuthubutu kukiulizia. Nilitaka aseme neno lolote, la kujitetea au la kejeli, nipate la kuondoka nalo. Alikuwa amekaa tu, mkono kwenye paji la uso.

"Mwanangu," Bibi akaniita. "Njoo ukae kidogo. Nimesikia mnabishana habari za mama yako. Alikuwa na nini?"

Nikasimama mlangoni pa chumba chake. "Alikufa kwa baridi, Bibi. Mwezi wa sita. Kisanduku kama hiki hakikumsubiri amalize kuongea."

"Maskini. Pole, mwanangu, pole sana. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kazini. Visimani."

"Huko hakuna simu?"

"Zetu hazishiki huko. Ipo moja, ya zamu. Nilimpigia siku ya pili."

"Akasemaje?"

"Alisema salama."

Bibi aliniangalia tu, akisubiri, maana naye alikuwa wa wale wanaojua kwamba hapo bado. Kwenye kioo niliona Lwitiko akiinua kichwa. Ningeweza kudanganya. Kwa wiki tano nilikuwa nimejidanganya vizuri sana, mchana na usiku, mpaka hiyo simu nikaifuta kabisa katika hadithi yangu. Lakini nilimsikia mama tena, si kwenye kikumbukumbu, kwenye simu ile, mafundi wenzangu wanapiga kelele nyuma yangu na msimamizi ananiita jina. Nilimsikia anasema salama. Kisha nikamsikia anavuta pumzi, ili aendelee.

"Halafu?" Bibi akauliza.

"Halafu nikakata simu."

"Hukumsubiri hata kidogo?"

Lwitiko alikuwa ananitazama, na nilimwacha anitazame.

"Hapana, Bibi," nikasema. "Hata sekunde nne hazikufika."